Shule ya serikali ikikataa kuonyesha hesabu, mzazi afanyeje? Niko Lamu

mamaZ_visiwani

Assalaam aleikum jamani. Naomba msaada kwa wenye kujua maana huku niliko nimeuliza mpaka ulimi umekauka.

Nina watoto wawili shule ya msingi ya serikali, mmoja yuko gredi ya 4 na mkubwa yuko junia, yaani sekondari ya chini, gredi ya 7. Shule sitaitaja, kisiwa chetu ni kidogo kila mtu amjua mwenziwe. Tangu mwaka huu uanze tumeshatoa pesa ya dawati 500 kila mtoto, ya mlinzi 200 kila temu, ya mtihani 150, na temu hii imeletwa nyengine yaitwa ya maendeleo, 1,000, na wa kutueleza ni maendeleo gani hayuko. Risiti hatupewi. Pesa twatuma kwa M-Pesa na nambari yenyewe ni ya mtu si ya shule, ukishatuma mwalimu wa darasa atia alama kwenye daftari basi, imekwisha hapo.

Baba yao ni mvuvi. Na mwajua wenyewe kusi likivuma huku hali huwa vipi, wiki ya pili sasa chombo hakijatoka, twala kile alichokuwa ameweka. Nikaomba nipewe mpaka mwezi uishe nikaambiwa hapana, mkubwa akarudishwa nyumbani Jumatatu. Leo ni siku ya nne yuwakaa hapo barazani, kengele ya shule aisikia kutoka hapa na mimi pia naisikia, na kila ikilia hunitazama.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa wazazi, nikasimama. Sikutukana mtu. Nikauliza serikali imeleta pesa ngapi mwaka huu, madawati yamenunuliwa mangapi maana wangu wa gredi ya 4 bado wakaa wanne dawati moja, na hii ya maendeleo ilipitishwa mkutano gani. Mwenyekiti akanijibu "mama hayo ni mambo ya bodi, kaa kitako." Shoga yangu akanivuta buibui nikakaa. Nilirudi nyumbani nalia wallahi, na si kwa sababu ya kuaibishwa mbele za watu, ni kwa vile nilijiona kama nimeomba kitu cha mtu.

Sasa nauliza, mzazi ana haki ya kuona hesabu ya shule au kweli ni siri ya bodi? Na nikizidi kuuliza, huyu mtoto hawatamchukia? Hilo ndilo lanikosesha usingizi kuliko hata hiyo elfu moja.

Bin_Langoni

Waleikum salaam dada yangu, pole sana. Tuanze na mtoto maana hesabu yaweza kungoja lakini mtoto hangoji. Kesho mvalishe yunifomu umpeleke mwenyewe mpaka ofisini, useme kwa upole tu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 29 yasema hakuna mtoto wa kuzuiwa kuhudhuria shule kwa kukosa kulipa mchango. Kifungu hicho hicho chasema shule ya umma haitozi karo ya masomo, na mchango mwengine wowote sharti uwe na idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, tena hakuna mtu mwenye ruhusa ya kukusanya mchango bila kutoa risiti rasmi. Alama kwenye daftari la mwalimu si risiti. Meseji zako za M-Pesa usifute hata moja, piga skrinshoti zote uweke mahali, na waambie wenzio nao wafanye hivyo leo leo kabla mtu hajapoteza simu baharini.

Sasa hesabu. Si siri ya bodi na haijawahi kuwa. Katiba ya 2010 kifungu cha 35 yakupa wewe raia haki ya kupata taarifa zilizoko mikononi mwa serikali, halafu 2016 ikapitishwa sheria nzima ya mambo hayo hayo ya kupata taarifa, ndiyo utakayoitumia. Kosa letu sisi wengi ni kwamba twauliza kwa mdomo mkutanoni, na ukiuliza kwa mdomo utajibiwa kwa mdomo, tena na mtu ambaye hakujitayarisha na watu wote wamtazama, lazima awe mkali. Andika barua. Waandikia hedimasta kwa sababu yeye ndiye mkuu wa taasisi na kisheria ndiye katibu wa bodi, makaratasi yote yako kwake. Waweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imetaja Kiingereza au Kiswahili, na kama kuna mama hajui kuandika basi afisa ndiye mwenye wajibu wa kumwandikia ombi lake. Huna haja ya kueleza wataka kwa nini. Kuomba hakulipiwi, mwaweza kutozwa gharama ya kutoa kopi tu.

Na hapa naomba unisikilize vizuri maana nimesaidia watu kadhaa kuandika hizi barua na nimeona zinapofia. Usiandike "pesa zetu ziko wapi." Swali hilo likisomwa laonekana ugomvi na jibu lake huja ni ugomvi pia. Taja karatasi kwa jina lake. Sema waomba kuona stetimenti ya benki ya akaunti ya kapitesheni, yaani ile pesa ya serikali ya kila mtoto, tangu Januari, waomba minitsi za mkutano uliopitisha mchango wa maendeleo pamoja na barua ya idhini kutoka wizarani, waomba orodha ya madawati yaliyonunuliwa na risiti zake, na ripoti ya mwisho ya odita wa shule. Karatasi iko au haiko, hapo hapana la kuzungusha.

Peleka kopi mbili, moja wabaki nayo, nyengine wagonge stampu na tarehe urudi nayo nyumbani. Ile stampu ndiyo saa yako. Kuanzia siku hiyo wana siku 21 za kukujibu, wanaweza kuomba kuongezewa siku 14 mara moja tu, na wakinyamaza basi kisheria kimya chao chahesabiwa wamekataa. Hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi twaiita Ombudsman.

Abuu_baharia

Dada hizo sheria ziko Nairobi huku hazifiki. Mimi nasema pigeni picha darasa, pigeni picha hiyo daftari yenye majina, rusheni kwenye grupu zote za Lamu kila mtu aone. Mtu akiaibika ndio hutapika. Tumenyamaza sana watu wa visiwani, miaka nenda miaka rudi, nshachoka kuona wana wetu wanakaa wanne dawati moja.

Bin_Langoni

Ndugu yangu Abuu uchungu wako nauelewa ni wangu pia, lakini daftari lile lina majina ya watoto, nani kalipa nani hajalipa, ukilirusha waliofichuka ni watoto wa maskini wala si aliyekula. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, badala ya yeye kuulizwa utaulizwa wewe. Taka jumla za pesa, majina ya watoto yaacheni.

Mwalimu_Mstaafu_Malindi

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu niko huku Malindi, nimeshika chaki miaka 31 na katika hiyo 12 nilikuwa hedimasta, kwa hivyo naomba nisikilizwe upande huu pia kabla hatujawatia walimu wote kapu moja.

Pesa ya serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima, si kwa mwezi wala si kwa temu. Chukueni shule ndogo ya kisiwani yenye watoto 90, ni 127,800. Nayo haiji kwa pamoja, mgao wake ni nusu temu ya kwanza, asilimia 30 ya pili na 20 ya tatu, kwa hivyo temu ya tatu hedi wa shule hiyo ana 25,560 za kununua chaki, kulipa stima, kumlipa mlinzi na kutengeneza mlango uliong'olewa na upepo, na mara nyingi pesa yenyewe hufika shule zimeshafunguliwa zamani. Junia hesabu yao ni nyengine, 15,042 kwa mtoto kwa mwaka, ingawa hedi ni yule yule na kiwanja ni kile kile, kwa hivyo mama Z kwa vile una mtoto pande zote mbili barua yako itenganishe, la sivyo utapewa karatasi moja na uambiwe ndiyo hiyo. Na huko sekondari mambo si nafuu, kiwango kilichowekwa ni 22,244 lakini 2025 waziri wa fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa serikali yaweza kutoa kama 16,900 tu. Mwanya huo mtu fulani lazima auzibe na kila mara ni mzazi.

Kingine ambacho wazazi hawaambiwi, mtoto ambaye hajaingizwa kwenye mtambo wa kompyuta wa wizara hahesabiwi, na kuingizwa kulihitaji cheti cha kuzaliwa. Watoto wetu wangapi wa pwani hawana? Yuko darasani, ala chaki ya shule, lakini pesa yake haiji. Ukiona hedi analia shida si lazima ni mwizi.

Lakini sasa nikishayasema hayo nawageukia wenzangu walimu. Kama kweli una 25,560 na shida zote hizo, waficha nini? Karatasi ile ndiyo wakili wako. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo tulikuwa twaletewa 1,020 kwa mtoto, 650 ikiingia akaunti ya vitabu tuliyoiita SIMBA na 370 akaunti ya matumizi mengine. Na amri ilikuwa tubandike ukutani kilichoingia na kilichonunuliwa. Nakumbuka temu ya kwanza nilipobandika. Niliogopa, sitaki kudanganya, nilikaa ofisini dirisha nusu nikiangalia nani atasoma. Akaja mzee mmoja mvuvi, kusoma hajui, akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu amsomee kwa sauti, na yule mtoto akasoma mstari kwa mstari, chaki, kalamu, kufuli mbili, mpaka jumla, na kila mstari mzee aitikia kwa kichwa. Alipomaliza akaja ofisini akaniambia "mwalimu kumbe ya choo haikutosha." Wiki mbili baadaye wazee walileta mawe na chokaa na boriti wakajenga choo cha wasichana kwa mikono yao, mimi sikuwaomba. Mchango ule ule ningetangaza mkutanoni bila ile karatasi wangenipigia kelele.

Na nawaambia hii kazi ya karatasi ukutani imepimwa. Uganda watafiti wa Benki ya Dunia walifuatilia pesa za shule za msingi za miaka ya 1991 mpaka 1995 kutoka wizarani hadi shuleni wakakuta kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika, nyingi ilibaki njiani kwa wakubwa wa wilaya. Serikali yao ikaanza kuchapisha magazetini kila pesa iliyotumwa kwa kila wilaya, shule nazo zikaambiwa zibandike zilichopokea, na baada ya miaka michache ikawa zaidi ya asilimia 80 inafika. Sisemi gazeti peke yake ndilo lililofanya yote, lakini mzazi aliyejua kilichotumwa aliweza kuuliza kilichofika.

Mwamu_ughaibuni

Mimi ni wa Amu, mji wa Lamu, kwa asili lakini watoto wangu wasoma California. Huku bodi ya shule za distrikti huchaguliwa na wakaazi, na kuna sheria ya 1953, Brown Act, kikao chao cha kawaida ajenda lazima ibandikwe masaa 72 kabla na mtu yeyote aingie akae asikilize na apewe nafasi ya kusema. Siku ya kwanza niliyokwenda nilidhani nitaulizwa wewe ni nani, hakuna aliyeniuliza, nikapewa karatasi ya bajeti mkononi. Si kwamba watu wa huku ni waadilifu kutushinda, wizi upo na kesi zipo. Ila yule mama aliyeambiwa kaa kitako, huku angekuwa na dakika zake za kusema kisheria. Nimesoma hii yako dada nikamkumbuka mamangu, naye alikuwa akivutwa buibui vivyo hivyo.

BiMaweni

Mie niko Malindi nami naongezea kidogo maana yalinifika. Sisi tulikuwa na darasa la chekechea paa limeanguka, tukaandika barua ofisi ya elimu ya wizara, tukapigwa danadana temu nzima njoo kesho njoo Alhamisi, kumbe chekechea iko chini ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa katiba, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, na msingi na sekondari ndio ziko chini ya serikali kuu. Madarasa mengine nayo ni ya NG-CDF ambayo ni pesa ya eneo bunge, ina kamati yake na ofisi yake. Kwa hivyo kabla hamjaandika jueni kilichojengwa kilijengwa na pesa ya nani, msipoteze miezi kama sisi.

La pili, kwenye hiyo bodi kuna watu sita ambao sheria yasema wamechaguliwa kuwakilisha wazazi. Sita! Mama Z waulize wenzio kama wawajua kwa majina. Sisi tulipouliza tulikuta wawili watoto wao walishamaliza shule zamani na mmoja hatukumbuki alichaguliwa lini. Na chama cha wazazi si wale viongozi tu, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama kisheria, nawe umo.

Hilo la mtoto kuchukiwa silidharau, mie ni mzazi. Sisi tulifanya hivi, barua tuliandika moja ya wazazi wote na sahihi tukaziweka kwa duara, hakuna wa kwanza hakuna wa mwisho, mpaka leo hawajui nani alianza. Na aliyepeleka barua alikuwa nyanya mmoja analea mjukuu, mtu anayeheshimiwa mtaa mzima, huyo nani atamkemea.

mamaZ_visiwani

Assalaam aleikum tena. Zimepita siku 26 nimeona nirudi niwaeleze maana mlinisaidia wakati ndugu wa damu waliniambia ninyamaze.

Mtoto alirudi darasani siku ile ile ya pili. Nilisema lile neno la kifungu cha 29 sauti yatetemeka lakini nililisema, mwalimu akaniangalia akasema haya aingie.

Barua tuliandika kina mama saba jikoni kwangu usiku watoto wamelala, Bin Langoni tulifuata maneno yako, karatasi kwa jina lake, na mwalimu tulitenganisha msingi na junia kama ulivyosema. Kufikia Ijumaa tulikuwa sahihi 23, kwa duara, na wanaume watano wamo. Bibi mmoja alitia kidole gumba. Shoga yangu yule aliyenivuta buibui ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba, na kopi tulivuka nayo na boti mpaka Amu kuigonga stampu ofisi ya elimu pia ili isije ikasemwa haikuonekana.

Siku ya 19 tukaitwa. Karatasi mbili zimebandikwa ukutani mwa ofisi, moja ya msingi moja ya junia. Nilisimama hapo nikazisoma mara tatu. Kapitesheni ya temu ya kwanza na ya pili imeandikwa na tarehe iliyoingia, na mwalimu ni kweli usemalo, ya temu ya pili ilichelewa sana, hapo nilimwonea hedi huruma na nilimwambia. Lakini mlinzi ameandikwa amelipwa kutoka pesa ya serikali miezi ile ile ambayo sisi twatoa 200 zetu. Madawati yameandikwa 40, tulizunguka madarasa yote kina mama wanne tukahesabu 28, tukaambiwa 12 yako kwa fundi. Tumeomba risiti ya fundi. Pesa ya maendeleo minitsi zake hakuna, idhini hakuna, imesimamishwa, na waliokwisha kulipa wameahidiwa kurudishiwa ila kwa maandishi hawajapewa.

Mwenyekiti alikuja nyumbani jioni moja na mkewe, akakaa akanywa chai, hakusema samahani lakini alisema mkutano ujao nitapewa nafasi ya kuuliza. Nimemwambia inshallah.

Mtoto wangu hajafanywa lolote, alhamdulillah. Mwalimu wake wa darasa aliniambia pembeni, mama hata sisi hatukuwa twajua hizo hesabu.

Sasa barua ya pili iko tayari, ya risiti ya fundi na ya mlinzi na ya tarehe ya kurudishiwa hizo elfu moja. Kesho maji yajaa mapema, boti ya kwenda Amu itatoka alfajiri, nitakuwemo. Bin Langoni nijibu usiku huu kama waweza, hii ya pili niiandike upya kwa hedi siku 21 zianze tena au niende moja kwa moja kwa Ombudsman kwa sababu madawati tuliyauliza tangu ile ya kwanza?